Kuhusu Kibao Kinachotuita Mji Mkuukuu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Kumbukumbu za Jimbo,

Nakusalimu kwa heshima zote za mji uliokuwa mji mkuu wa jimbo hili kabla hujazaliwa, ukaacha, ukawa tena. Natumaini u mzima na kiti chako bado kinazunguka vizuri. Sisi huku wazima, ila tumetukanwa na kibao.

Historia unaijua, lakini nikukumbushe, maana katika idara yako inaonekana imelala. Makao makuu ya kwanza ya jimbo yalikuwa kilimani, yakahama kwa kuwa maji yaligoma kupanda. Yakaja kwetu. Gavana mwingine akayapeleka penye reli, mafuriko yakaingia ofisini, mafaili yakaelea, na serikali ikarudi kwetu mbio, suruali imekunjwa magotini. Baadaye ikatuaga tena, ikaja huko mliko sasa. Kwa hiyo tumekuwa mji mkuu mara mbili, na hakuna mji mwingine jimboni wenye sifa hiyo.

Ndipo mlipoamua kutuenzi kwa kibao. Ofisa wako akampigia simu fundi wa maandishi, akamwelekeza aandike "mji mkuu", kisha aongeze "mkuu" nyingine, kwa kuwa tulikuwa mara mbili. Fundi akaona ubao hautoshi. Akaondoa herufi moja, akaunganisha. Sasa kila anayeingia anapokewa na herufi nyekundu: KARIBU MJI MKUUKUU. Utadhani sisi ni tambara la kupigia deki.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba yangu ya wageni ndiyo jengo la kwanza baada ya kibao. Zamani ilikuwa ofisi ya hazina ya jimbo. Chumba namba tatu kina mlango wa chuma mpaka leo, na mgeni akilala humo analala salama kuliko bajeti. Sasa wageni wanasoma kibao, wanaingia, wanaanza kubonyeza godoro kabla hata ya kusalimia. Juzi mama mmoja muuza vitambaa alimwuliza mke wangu kama shuka nazo ni za tangu gavana wa kwanza. Mke wangu hajapona. Nyumba hii ndiyo inayotulisha, Mheshimiwa, na jambo hili linaniuma.

2. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi huko kwenu. Kila akipiga simu anauliza habari za ukuukuuni. Siku hizi simu yake nikiiona naingia bafuni.

3. Mwalimu wa shule ya jirani amewaambia wanafunzi kwamba serikali haikosei tahajia. Basi kwenye mtihani wameandika kwamba makao makuu yalihamishwa kwa sababu yalichakaa. Wote wamepigiwa vema.

4. Hili nalisema kwa adabu. Nasikia wewe mwenyewe uliwahi kuwa Mkuu wa Idara, ukaondolewa, kisha ukarudishwa. Kwa kanuni ya ofisi yako, mlangoni pako paandikwe nini? Mimi sisemi. Nauliza tu.

5. Kwa kuwa kosa limetokana na kuhesabu, dawa ni kuendelea kuhesabu. Naomba makao makuu yarudi kwetu mara ya tatu. Tukiwa mji mkuu kweli, hakuna atakayekisoma kibao, maana watu wa mji mkuu hawana muda wa kusoma. Hazina irudi namba tatu, bawaba za mlango nimeshazitia mafuta. Gavana atalala namba moja, yenye dirisha la uani. Wewe nitakutafutia pa kulala. Ikishindikana kabisa, basi angalau kibaoni mfute "kuu" moja, nami nitakuwa nimeridhika maisha yangu yote.

Nisalimie ofisa wa simu, makarani wote, dereva wako, mlinzi wa getini, na shemeji yangu ukikutana naye, ingawa si lazima. Mke wangu anakusalimu sana.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Mwenye nyumba ya wageni

Baada ya kutia sahihi: Kabla sijaipeleka barua hii posta, fundi alikuja mwenyewe kurekebisha. Mke wangu alikuwa amemtembelea, na sijauliza walizungumza nini. Alifuta "kuu" moja. Tuliposoma KARIBU MJI MKUU, machozi yalinitoka. Kesho yake wakapita wapima barabara wa serikali. Wakasoma kibao, wakafungua mwongozo wao, wakakuta kwamba barabara ya kuingia mji mkuu lazima iwe ya njia nne. Wamechora alama ya X nyekundu kwenye mapokezi, kwenye chumba namba tatu, na ukutani juu ya kitanda chetu mimi na mke wangu. Nimewaeleza kwamba mji mkuu uko huko kwenu, wakanijibu kwamba wao hawabishani na kibao cha serikali. Mheshimiwa, nakuomba uturudishie "kuu" yetu upesi, kabla tingatinga halijafika. Tumechakaa, tunakiri. Na ukiona mbili hazitoshi kumgeuza dereva wa tingatinga, ongeza ya tatu. Rangi nitanunua mimi.