Kuku wa Wakweli wa Base Camp

Mtafiti Mzungu aliyasahau makaratasi chini ya kitanda cha nyumba ya wageni, Mbarara. Siraje, mjanja wa mitaani aliyelala humo baada yake, aliyasoma mara moja tu, akasikia harufu ya kuku. Yalikuwa maswali ya kupima tabia: je, wewe ni mkweli? Ni mnyenyekevu? Jipe alama, moja mpaka tano. Yaani mwizi anaulizwa kama ni mwizi, na jibu lake linaandikwa kwa wino. Siraje hakuwahi kuona upuuzi wenye faida kama huo.

Akatua kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akaweka meza kituo kikuu, Base Camp, akatangaza kwamba shirika linatafuta watunza ghala wenye tabia njema. Ada ya kujipima ni kuku mmoja, maana serikali ilikuwa imekata sifuri mbili kwenye pesa juzijuzi, na mwenye akili hakutaka noti ya mtu. Tena kuku ndio aliowataka. Baba wa mchumba wake, Kaudha, alikuwa amemwambia wazi: mahari ni tenga zima la kuku kabla ya Idi, la sivyo binti anaolewa na sajini wa kambi ya jeshi.

Watu wakamiminika. Kezironi, muuza chumvi wa Kaberebere ambaye kilo yake haijawahi kufika kilo, alileta jogoo kiguru, akajipa tano kwa ukweli.

"Ssebo, bwana mkubwa, hata kunyenyekea weka tano," akasema. "Mimi iko nanyenyekea kushinda hawa wote."

Mmoja tu alijibu vingine: Kulusum, mama mkimbizi wa Kongo.

"Uko mukweli?"

"Hapana. Miye naibaga vitu, kama napata fasi."

"Mara nyingi?"

"Mara mingi. Kwa wizi weka tano."

Siraje akaduwaa. Kumbe katika kundi lote la wakweli, mkweli ni huyu! Anayekiri wizi hawezi kuiba. Hiyo ndiyo akili ya Siraje, ilisomea mitaani na ikafelia hukohuko. Alipokwenda Rugaaga kutafuta lori, tenga alimwachia Kulusum.

Kurudi, hakuna tenga, hakuna mama. Akaambiwa wamepanda lori la ndizi za matoke kwenda Mbarara. Alimkuta sokoni, kajifunga kitenge kipya, anakunywa chai taratibu.

"Mama, kuku yangu iko wapi?"

"Nilishauzisha. Sajini moja alibeba zote. Iko naenda kuoa."

"Umeniibia!"

Kulusum alimshangaa kwa moyo wake wote. "Si nilikuambia? Na wewe mwenyewe uliandika."

Siraje akaenda mbio kwa kina Kaudha, na kabla hajabisha hodi alimwona jogoo wa Kezironi akichechemea uani. Sajini alikuwa ameketi barazani kwa raha zake, na Kaudha anamnawisha mikono.

"Karibu, Siraje," baba mtu akaita. "Njoo ule. Leo kuku ni wengi."