Betri ya Kimyakimya

Umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kichwa cha Mtarajiwa. Upande wa kulia kanyolewa safi, wa kushoto nywele zimesimama kama zinadai maelezo. Na jamaa anatakiwa ukweni leoleo, kujitambulisha kwa baba wa mchumba, mzee asiyesamehe hata kifungo kilicholegea!

"Tulia, mwanangu," Kinyozi akamwambia. "Nikumalizie kwa wembe, upara mtupu."

"Upara? Baba mkwe mwenyewe ana upara! Si atasema nimekuja kumwigiza?"

Kwenye benchi la mlangoni, Shahidi akainua simu. Huyo habari anazijua kabla hazijatokea. "Jamani, sikieni! Wenzetu wanawashia nyumba kwa betri za magari ya umeme. Taa, feni, friji! Gari limeegeshwa tu, linahudumia familia."

"Afadhali gari," akadakia Mama Pindo, fundi cherehani wa chumba cha pili. "Kuna watu wameegeshwa kwenye benchi mwaka wa pili, hawajawasha hata kiberiti."

Shahidi akajifanya hajasikia. Mama Pindo akacheka, akarudi ndani kwenye kazi zake.

Macho yote yakahamia kwa Kimyakimya, dereva wa pikipiki ya umeme isiyo na mlio, inayokupita sikioni ndiyo unaruka.

"Msiniangalie hivyo! Hii betri ndiyo jembe langu. Tena imebaki robo, nimeitunza nimpeleke huyuhuyu ukweni."

"Umpeleke na kichwa hiki?" Kinyozi akauliza. "Wakifungua mlango, wanafunga."

"Na betri yangu ikiisha je?"

"Itaishaje?" Shahidi akaruka. "Wenzetu wanaendesha friji!"

"Wenzetu wana gari! Mimi nina pikipiki!"

"Kwani mtoto wa nyoka si nyoka?"

Mtarajiwa akatoa mkono chini ya shuka la kinyozi, akamshika Kimyakimya shati. "Kaka, nisikilize. Nikikosa mke leo, nahamia kwako."

Hapo Kimyakimya akasimama haraka. Akachomoa betri chini ya kiti, akaiunganisha na inveta yake ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, Kinyozi akachomeka ekstensheni. Mashine ikanguruma! Benchi likapiga makofi. Mtarajiwa akafumba macho, akamwona mchumba wake anatabasamu.

Mashine haijamaliza hata juu ya sikio, inveta ikalia piiii. Kimya.

"Robo nzima?" Kimyakimya akaipigapiga betri kama anaamsha mgonjwa. "Nani kaninywea betri?"

Mama Pindo akatokea, pasi mkononi, kakunja uso. "Umeme gani huu? Unarudi, unaondoka, kama mgeni aliyesahau mwavuli! Ndiyo kwanza pasi imeshika moto."

"Pasi?" Kimyakimya akashika kichwa. "Mama, umepiga pasi kwa pikipiki yangu!"

"Ningejuaje? Ekstensheni si tunachangia moja, imepita chini ya mlango? Nimeona taa yake imewaka, nikajua umeme umerudi. Na msinitolee macho. Suruali ni ya huyu hapa, kanibembeleza tangu asubuhi!"

Mtarajiwa akajiangalia. Kaptula. Sauti ikamtoka nyembamba. "Umemaliza, mama?"

"Mguu mmoja."

"Basi si mbaya!" Shahidi akasema. "Ukifika, unakaa kiubavu. Mzee aone upande mzuri tu. Kichwa ni kulia. Mama Pindo, mguu upi?"

Mama Pindo akaikunjua suruali, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Wa kushoto."

Kinyozi akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Hakuna aliyethubutu kumwangalia Mtarajiwa usoni.

Kimyakimya akairudisha betri mahali pake, akashika usukani. "Vaa twende, kaka. Chaji hakuna, tunaisukuma. Mpaka tufike, giza limeshaingia. Na ukweni nako umeme umekatika."

Mtarajiwa akavaa suruali yake, akatoka. Mlangoni akageuka.

"Jamani," akasema, "niombeeni umeme usirudi."