Mianzi Miwili

Jumatatu, 5 Septemba 1994. Kibiti.
Mkuu wa shule ametangaza: afisa elimu anakuja Ijumaa kutoka Utete. Chama cha wanafunzi kitakachompendeza kitapewa stoo ya zamani. Tuko wawili: chama changu cha roketi na cha upishi cha Bi Mwantumu. Stoo naihitaji. Mwaka wa nne huu nafundishia nyuma ya choo.
Mwaka 1971, nikiwa darasa la saba, Mwalimu Abdulkarimu alirusha roketi bondeni Utete. Ilipita minazi. Sijaona tena kitu kikipanda vile, isipokuwa bei.

Jumanne, 6 Septemba.
Somo la kwanza kwa wanachama wapya. Nimepasua mwanzi, nikajaza halua ya Mohoro badala ya fueli, nikatoboa tundu katikati. Hanifa wa kidato cha pili akauliza tundu la nini. Nikaeleza: moto unakula kutoka ndani kwenda nje. Eneo linaloungua likiwa pana, moshi huwa mwingi. Ukibanwa kwenye shingo nyembamba ya nyuma hutoka kwa kasi, na roketi husukumwa mbele. Akasema ni kama sufuria ya wali inavyopumua pembeni mwa kifuniko. Nimeuandika mfano huo kama wangu.
Baada ya somo wamekula injini. Miaka ile ya foleni za sukari tungekula na mwanzi.

Jumatano, 7 Septemba.
Nimetengeneza injini ya kweli, peke yangu, mbali na wanafunzi, kama alivyofanya Mwalimu Abdulkarimu. Na mwanzi mwingine wa halua, wa kumfundishia mgeni. Urefu mmoja, yote imezibwa kwa udongo wa mtoni. Hanifa kashauri mmoja upakwe rangi nyekundu. Nimekataa. Fundi hujua kazi yake kwa uzito.

Alhamisi, 8 Septemba.
Bi Mwantumu kaishiwa halua, na mgeni hapewi kahawa tupu. Nimempelekea mwanzi wa halua. Akinishukuru mbele ya afisa, sifa ni zangu. Akanitazama. "Mwalimu, wema huu umeanza lini?"
Sisimizi wameuvamia mwanzi uliobaki mezani kwangu. Nimewapangusa.

Ijumaa, 9 Septemba.
Bwana Abdulazizi, afisa elimu, kafika saa tatu. Wote nyuma ya tuta, hatua mia. Nikawasha utambi. Mwanzi ukachemka. Samli ikadondoka. Harufu ya iliki ikatanda uwanjani. Haukupanda hata kidole. Bwana Abdulazizi akauliza, kwa upole, kama hiki ndicho chama cha upishi.
Bi Mwantumu alikuwa ameunusa mwanzi wake jana na kuutosa kwenye ndoo ya maji. "Ulitaka mgeni anywe kahawa arudi Utete kwa juu?"
Stoo ni yake. Hanifa anasema aliwaona wale sisimizi, akajua. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alishasema: rangi.

Jumamosi, 10 Septemba.
Bi Mwantumu kanipa kona ya stoo, ya dirishani. Kumbe roketi ya 1971 naye aliiona, akiwa na mama yake shambani, wakifukuza ndege kwenye mpunga. Ilipita minazi, alisema. Nilimpenda, kama dakika mbili.
Kisha nikapima chumba. Meza yangu ikikaa upande, masufuria yake yatakuwa nje kabla ya Desemba. Nimeagiza halua Mohoro. Nimekata mianzi miwili, urefu uleule. Hanifa kaleta kopo la rangi nyekundu. Imetosha kupaka yote miwili. Imependeza.