Bibi Harusi Atafika kwa Mawese

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Baridi kali. Kolwezi nzima imejifunika blanketi. Mimi nina joto, maana nina mpango.

Jumamosi hii binti yangu Mignonne anaolewa na Blanchard, kijana mzuri, karani, hana kosa lolote isipokuwa mjomba wake. Mjomba huyo anaitwa Tshiamala na ana Prado nyeupe. Jana, kwenye kikao cha familia mbili, alisimama akasema Prado yake ndiyo itakayombeba bibi harusi. Makofi. Hata mke wangu Adolphine alipiga makofi!

Nikasimama na mimi. Nikasema bibi harusi atabebwa na baba yake, katika gari la baba yake. Tshiamala akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama ile Mercedes yangu ya zamani, basi dogo lenye mlango wa kufunga kwa kamba, siku hizi inapata mazutu, yaani dizeli. Hapo ulimi ukanitoroka. Nikatangaza kwamba gari langu halihitaji mazutu ya mtu. Litafika kanisani kwa mawese, haya haya tunayopikia mboga ya sombe! Nikaapa mbele ya wakwe wote.

Si uongo. Nimesoma kwenye simu: injini ya zamani ya mazutu inaweza kuunguza mafuta ya kupikia. Na mawese yapo. Adolphine anayauza sokoni, pipa zima limesimama jikoni. Majirani zetu hapa Kasulo walichimba chini ya vyumba vyao kutafuta kobalti. Mimi nimepata mgodi wangu bila hata kushika sururu.

Saa saba mchana, jua kali, nilimimina bidoni moja, dumu zima la mawese, tangini. Likawaka! Likaenda mpaka sokoni na kurudi. Moshi wake unanukia mikate ya kukaanga, hata watu watatu walinisimamisha kuuliza kama naiuza. Sijaona shida yoyote katika jambo hili.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Shida moja. Asubuhi gari limekataa. Nimefungua tangi, nimechovya kijiti ndani, kijiti kikasimama chenyewe. Baridi imeyagandisha mawese yote.

Tshiamala akapita na Prado yake. Alipunguza mwendo makusudi. Akashusha kioo, akanisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema: "Tata Banza, kama gari inakatala, Prado iko. Hakuna haya." Nikamjibu kwamba ninalipumzisha tu.

Nikafikiri. Mawese yanaganda kwa baridi, basi dawa ni moto. Nikachukua mbabula ya Adolphine, ikiwa imejaa makaa mekundu, nikaisukuma chini ya tangi. Nikakaa kwenye kiti kidogo na kujisifu kimoyomoyo. Baada ya muda tangi likaanza kulia, tik, tik, tik. Nikaona ni dalili njema.

Adolphine alitoka misa ya asubuhi. Hakusalimia. Alibeba ndoo ya maji yangu ya kuoga akaimwaga yote juu ya mbabula, mvuke ukatanda uani, akapiga kelele: "Banza, unapenda tukufe bote? Siku ine mbele ya ndoa ya mutoto?" Majirani wakatoka na kukaa ukutani kama watu waliolipa kiingilio. Adolphine amesema mbabula ni ya kupikia bukari, ugali wetu, na nikiigusa tena nitakula makaa. Nimeoga maji baridi.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Nimekubali kosa. Moto wa makaa ni wa watu wa kale. Leo nimetumia umeme.

Kila nyumba hapa ina rezistansi, kile chuma kilichojikunja ambacho tunakitumbukiza katika ndoo ya maji ya kuoga. Nikakitumbukiza ndani ya bidoni ya plastiki yenye mawese, sebuleni, maana soketi inayofanya kazi iko sebuleni. Umeme ulikuwapo. Bahati! Nikaenda kwa fundi cherehani kujaribu suruali ya harusi.

Sasa ninajua jambo ambalo simu haikuniambia. Maji yakipata moto huzunguka, yote yanapata joto sawasawa. Mawese yaliyoganda hayazunguki. Pale penye chuma yanatoa moshi, na kiganja kimoja pembeni bado yameganda. Chuma nacho kililala upande, kikagusa plastiki. Nilipofika nilikuta nyumba imejaa moshi, bidoni imejikunja, ziwa jekundu linaelekea chini ya makochi, na Mignonne amesimama mlangoni na waya mkononi. Yeye ndiye aliyeuchomoa. Angechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Hakunigombeza. Ndiyo mbaya zaidi. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa sakafu, akaniambia taratibu kwamba yeye ataridhika na gari lolote, hata Prado, ili mradi mimi niwe kanisani mzima. Eti gari si kitu.

Nimeumia. Nilimpeleka kliniki akiwa na siku tatu. Nilimpeleka shule ya chekechea, akalia nikalia. Nilimpeleka mtihani wa mwisho na gurudumu moja halina upepo. Safari hii ya mwisho akiwa na jina langu nimwachie Tshiamala? Hapana. Nimepangusa sakafu pamoja naye, halafu nimekwenda chumbani kuvimba peke yangu.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Nimemwendea Kyungu. Ni fundi mstaafu, miaka thelathini na moja alitengeneza malori makubwa ya migodini, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimweleza habari ya mbabula. Akavua miwani. Nilimweleza habari ya rezistansi. Akakaa chini.

Kisha akanifundisha. Tangi la mafuta halipashwi kwa moto wala kwa waya. Injini yenyewe ikichemka ina maji ya moto yanayozunguka, na maji hayo hayawezi kuzidi kiasi. Unayachukua, unayapitisha ndani ya tangi kwa bomba la shaba lililojikunja, mawese yanayeyuka polepole bila mwali wowote. Amesema: "Moto ya mbabula haina akili. Maji ya moteri iko na akili." Nikamwambia na mimi nilikuwa karibu kufikia hapo. Akaniwekea spana mkononi.

Tumefanya kazi mchana kutwa. Bomba la shaba halikuwa shida, tuko Kolwezi. Tangi kubwa la nyuma ni la mawese. Mbele ameweka tangi dogo la mazutu, na kati ya viti viwili ameweka kiwiko cha kugeuza, upande huu mazutu, upande ule mawese. Sheria ni hizi: unawasha kwa mazutu. Unatembea mpaka injini ipate moto na mawese yayeyuke. Unageuza. Na kabla ya kuzima, unarudisha mazutu, unatembea dakika tano, ili mipira yote inayopitisha mafuta isafishwe. Ukizima na mawese ndani, yataganda mlemle kwenye mipira na hutakwenda popote.

Alinirudishia maneno hayo mara tatu kama mtoto wa katekisimu. Halafu, kana kwamba haniamini, akachukua rangi ya njano akaandika mbele ya usukani: MAZUTU KWANZA, MAZUTU MWISHO. Herufi kubwa sana! Gari si ubao wa shule.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Ushindi! Saa moja asubuhi, mvuke unatoka mdomoni, nimewasha kwa mazutu. Nikageuza kiwiko. Injini haikushtuka hata kidogo. Nimekwenda mpaka karibu na mashimo ya mgodi wa Mashamba na kurudi, malori ya migodi yakinimwagia vumbi, na mimi nikiyamwagia harufu ya mikate. Nikarudisha mazutu, dakika tano, nikazima. Nikawasha tena. Likawaka!

Tshiamala alikuwa nje anaosha Prado. Nimepita mbele yake mara tatu. Mara ya tatu akauliza: "Tata Banza, ile harufu iko ya gari ao ya mikate?" Nikasema ni ya maendeleo.

Mchana tumelipamba gari. Utepe mweupe, maua ya plastiki, puto. Limependeza mno, isipokuwa herufi za Kyungu. Bibi harusi hawezi kukaa mbele ya maneno kama yale. Nimeyafunika kwa maua. Mimi nimeyashika kichwani.

Tena nimeyafikiria zaidi. MAZUTU KWANZA, sawa, hilo ninalikubali. Lakini MAZUTU MWISHO? Niliapa kwamba gari litafika kwa mawese. Nikigeuza kabla ya kanisa, litakuwa limefika kwa mazutu, na mimi nitakuwa mwongo mbele ya wakwe. Kyungu ni fundi mzuri ila hajui mambo ya kiapo.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Naandika nikiwa nimechoka, nimeshiba, na suruali ina mafuta.

Asubuhi Mignonne alitoka ndani na gauni lake. Nikafungua kamba ya mlango, akapanda, Adolphine nyuma yake na Kyungu nyuma kabisa na tai ya kwaya. Nikawasha kwa mazutu. Honi! Magari tisa nyuma yetu, yote yanapiga honi, Prado ikitufuata mara tu nyuma yetu. Nikageuza mawese. Mji mzima ulituona, na kutunusa.

Tukafika kwenye mzunguko wa barabara, pale kila msafara wa harusi husimama kupiga picha. Mpiga picha akalalamika kwamba moshi unaingia kwenye gauni, nizime injini. Kyungu alikuwa ameshashuka kuagiza watu wapange mstari. Nikazima. Na mawese yakiwa bado ndani.

Ningejuaje kwamba picha zitakuwa nyingi vile? Na shangazi wa Kasai, upande wa Blanchard. Na shangazi wa kwetu. Na shangazi wote pamoja. Na kwaya. Na mtu mmoja ambaye hakuna familia iliyomjua. Karibu saa nzima, upepo wa Julai unapita chini ya gari. Nilipowasha, kimya. Nikageuza mazutu. Kimya. Mipira ilikuwa imeziba.

Tshiamala akafungua mlango wa Prado. Hakucheka, namsifu kwa hilo. Wakwe wakatazama saa, kengele ya kanisa ikalia. Nikamwambia Mignonne aende.

Mignonne akaketi tena kwenye kiti chake, akapanga gauni, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mi nilitoka na papa ku nyumba, nitafika na papa ku kanisa." Basi.

Kyungu akavua koti, akaingia chini ya gari na tai yake, akaita maji ya moto. Akina mama waliokuwa wanapika bukari ya sherehe katika ukumbi wa jirani wakaja na masufuria, wakaja na termosi za chai. Adolphine mwenyewe, na kitambaa chake cha harusi kichwani, alikuwa anachovya matambara na kuyafunga kwenye mipira na kwenye chujio. Nilisema labda mbabula ingefanya haraka. Wanawake sita walinigeukia kwa pamoja.

Injini ikakohoa. Ikawaka! Kyungu mwenyewe akaweka kiwiko upande wa mazutu na kunionya kwa kidole, akarudi kukaa nyuma. Mita mia mbili kabla ya kanisa, Kyungu akiwa anapangusa miwani, nikarudisha mawese polepole. Nikasimama mlangoni mwa kanisa. Nikazima. Kiapo kimetimia.

Nilimshika mkono mwanangu tukaingia. Nililia mpaka kwenye altare, nasema wazi. Kanisa zima lilinukia mikate, na matumbo ya waumini yalilia wakati wa mahubiri.

Misa ilichukua saa mbili. Tulipotoka, gari lilikataa kabisa, likaja kuvutwa nyumbani jioni. Maharusi waliondoka na Prado, Mignonne akinipungia mkono dirishani na kucheka hadi machozi.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Kyungu alikuja asubuhi. Aling'oa maua yote mbele ya usukani, akaniamuru nisome maneno ya njano kwa sauti. Nikasoma. Akaondoka bila kunywa chai.

Mignonne amepiga simu. Alhamisi anataka nimpeleke yeye na mumewe mpaka mji wa Kisenge kumsalimia mama yangu. Ameniomba mimi, hakumwomba mwenye Prado! Amenisihi nijaze mazutu, nisisahau mazutu. Nimemwahidi kila kitu.

Nimekaa nikachambua mambo kwa utulivu. Mpiga picha ana kosa kubwa. Lakini chanzo chenyewe nimekiona: matangi mawili. Mtu mwenye matangi mawili kila mara anajiuliza yuko upande gani. Lingekuwa moja, nani angekosea? Kwa hiyo baada ya misa nimelifungua tangi dogo na kulitoa, pamoja na kiwiko chake. Nafasi iliyobaki mbele inatosha kreti mbili za bia za mama.

Nikiwa bado chini ya gari, nikaona viatu vya Tshiamala. Alichuchumaa, akatazama huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na Prado inaweza kutembea kwa mawese. Kisha akaona tangi dogo limelala kwenye majani, akauliza lilikuwa la kazi gani.

Nikamwambia ni la waoga. Anaileta Prado kesho asubuhi mapema, kabla Kyungu hajaamka.