Malalamiko Kuhusu Vidonge Nilivyoamriwa Kumeza Maisha Yangu Yote

Kwa Mkuu wa Kliniki ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito,

Ndugu Daktari,

YAH: KUOMBA KUACHISHWA VITAMINI

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mwenye nguvu. Mwandishi wake hana nguvu, na ndiyo sababu ya kuandika.

Mimi ni yule fundi cherehani uliyenipasua miaka miwili iliyopita. Huenda sura yangu umeisahau, ila mizani yenu haijanisahau: kilo mia moja thelathini na nane, na muuguzi aliyenipima alikwenda kutafuta mizani nyingine akidhani ile imeharibika. Leo nina kilo sabini na tisa. Napanda ngazi za dukani kwangu bila kusimama katikati na kujifanya natafuta funguo kwenye mkoba. Kwa hilo sina neno. Mkono wako ni mwepesi, Mungu akuzidishie.

Neno langu ni juu ya kilichofuata. Upasuaji ulichukua saa moja na nusu, vidonge mkasema ni mpaka nizikwe. Mtajibu kwamba nilielezwa mapema na nikatia sahihi. Ni kweli nilitia. Lakini siku hiyo nilikuwa sijala tangu jana yake kwa amri yenu wenyewe, na mtu mwenye njaa hutia sahihi chochote ili amalize. Kwa hiyo naomba sahihi ile ihesabiwe kuwa ni ya tumbo, si yangu, na sehemu kubwa ya tumbo hilo mmeshaiondoa.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Ratiba. Asubuhi kuna kidonge kikubwa cha kutafuna, chenye vitamini zote, ladha yake ni ya chaki iliyowahi kusikia habari za chungwa. Kisha cha madini ya chuma. Kisha kalsiamu, mara tatu kwa siku. Kisha vitamini D. Kisha kile kidogo cha B kumi na mbili, cha kuyeyusha chini ya ulimi. Ningevumilia kama vingekuwa vinapatana. Lakini chuma na kalsiamu ni kama mtalaka na mke mpya: mmoja haingii mpaka mwenzake awe ameondoka kwa muda wa saa mbili. Chuma nacho hakitaki kukutana na chai. Mtaalamu wenu wa lishe amelirudia jambo hili mara nyingi hata sisi wagonjwa, tukikaa kwenye benchi la kusubiri, tunamwita Bi Saa Mbili. Mteja anakuja kupimwa koti, namwambia akae kwanza, nina miadi na kalsiamu.

Kwa haki niseme na zuri lake. Siku moja chaki ya kuchorea kitambaa iliniishia, nikatumia kidonge cha kalsiamu, na kikachora mstari safi ajabu. Mlinzi wa benki ya jirani anavaa suruali mbili zilizokatwa kwa mistari hiyo. Zimemkaa vizuri.

2. Matusi. Nilipomuuliza Bi Saa Mbili kwa nini nisile tu mboga na samaki na mayai kama binadamu wengine, alinijibu kwa upole, na upole wake ndio uliniudhi zaidi: "Mama, hata ukila vizuri, tumbo lako sasa ni dogo. Mwili wako haufyonzi vya kutosha." Mwili wangu haufyonzi. Daktari, wewe ulikuwepo siku ya mizani. Mwili huu ulifyonza kila ulichopewa kwa miaka arobaini na minne, ukafyonza na vya harufu tu. Kama kuna kazi ambayo hakuna aliyewahi kunilalamikia, ni hiyo. Leo binti mwembamba kama sindano namba tisa ananiambia sijui kufyonza.

3. Ulinzi wa nyumbani. Mume wangu ni karani mstaafu wa masjala. Alipostaafu alikosa mafaili, nanyi mkamkabidhi mimi. Amechora daftari lenye safu tano, kila kidonge na safu yake, na kila asubuhi anasimama mlangoni mwa jikoni na kalamu.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Fungua mdomo."

Nimeolewa miaka ishirini na mitatu, Daktari. Hata siku ya posa hakuna aliyenikagua meno. Basi nikajifunza kuvibana vidonge kati ya shavu na fizi, nafungua mdomo, anaweka tiki, nami natoka navyo mpaka dukani. Pale mlangoni nina ua ndani ya ndoo. Vikaishia humo. Kwa miezi kumi ua hilo limepata huduma kamili ya kliniki yenu, na lina majani mapana kama sahani. Nalitaja kama ushahidi kwamba sikuvitupa. Nilivielekeza kwa mwenye shida.

4. Kisasi. Hapa ndipo penye uzito wa malalamiko yangu. Nimeshafukuza wasaidizi wawili dukani kwa miaka yote niliyoshona, na wote waliondoka kistaarabu. Vidonge vyenu nilivyoviachisha kazi havikuondoka hivyo.

Kwanza nywele. Zilianza kubaki kwenye kitana, kisha kwenye mto, kisha kwenye nguo za wateja, mpaka mama mmoja akaniuliza kama ninafuga paka. Halafu uchovu. Nilikuwa nakata vitambaa vya sare za shule nzima kwa siku moja nikiwa na kilo mia moja na zaidi. Sasa nina kilo sabini na tisa na nakata mikono miwili ya shati halafu naegemea meza. Halafu kusahau. Nilipima kiuno cha mwalimu mmoja, nikaandika kipimo hicho kwenye mstari wa shingo. Shati lilipokamilika tungeweza kuingia wote wawili kwa juu.

Halafu ganzi. Ilianzia vidoleni miguuni, kama mtu aliyekalia mguu vibaya, ila yangu haikuisha nikisimama. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Ikafika hatua natazama chini nihakikishe kwamba mguu uko kwenye kanyagio, kwa sababu mguu wenyewe hauniambii kitu. Nikasema ni viatu. Nikanunua viatu vingine. Nikasema ni sakafu, nikatandika zulia.

5. Gauni. Mtoto wa kaka yangu anaolewa, na gauni nilimshonea mwenyewe, satini nyeupe, kwa kuwa mama yake alifariki na nilimwahidi. Wiki iliyopita alikuja kulijaribu kwa mara ya mwisho. Alisimama juu ya stuli katikati ya duka, mimi nimekaa chini nikishona pindo kwa mkono. Tulikuwa tunacheka habari za suti ya bwana harusi, iliyoshonwa kwingine na ikaonekana hivyo.

Nikaona tone jekundu kwenye pindo. Nikaona la pili. Nikatafuta limetoka wapi, nikadhani ni rangi ya midomo.

Akasema, "Shangazi, unatoka damu."

"Wapi?"

"Kidoleni. Sindano imeingia."

Nikatazama. Ilikuwa imeingia kidole cha shahada mpaka katikati, na nilikuwa nikiendelea kuivuta na uzi. Nikamwambia nimeisikia tangu mwanzo, ni kwamba mafundi tumezoea. Alishuka kwenye stuli na gauni lake lote, akakaa sakafuni, akanivua kiatu. Akaniambia nifumbe macho nimwambie anashika kidole gani cha mguu.

Nikasema dole gumba.

Akasema, "Bado sijakushika, shangazi."

Damu ya kwenye satini huondoka kwa maji baridi na sabuni kidogo ukiiwahi, na niliiwahi. Hilo msijali. Yeye ndiye aliyelia, mimi nilikuwa nashughulika na pindo. Ila tangu siku hiyo sijashona, na duka langu nimelifungua kila siku kwa ajili ya kukaa ndani yake. Nimewaza kwamba kazi hii ndiyo niliyojua tangu nikiwa msichana, na ikiwa vidole vitakataa, sijui nitawaambia nini watu wakiniuliza mimi ni nani.

Ninailaumu kliniki. Mngenipa vidonge visivyojali vinapoachwa, haya yote yasingetokea.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba majibu kwa maandishi:

(a) Kifungo changu cha maisha kipunguzwe. Hata mahakama huangalia tabia njema ya mfungwa, na tabia yangu mmeshaisoma hapo juu.

(b) Ikiwa vidonge ni lazima vimezwe na mtu, Bi Saa Mbili avimeze kwa niaba yangu. Yeye anaviamini, ana tumbo zima, na hajambo kwa kufyonza.

(c) Ikishindikana, nirudishiwe kile kipande cha tumbo mlichokiondoa. Inaonekana ndicho kilichokuwa kikifanya kazi zote. Sihitaji kishonewe na mtu mwingine. Nitakishona mwenyewe, vidole vikirudi.

(d) Mume wangu aandikiwe barua rasmi ya kumstaafisha kwa mara ya pili.

Nisalimie wauguzi wote wa wodi, hasa yule wa zamu ya asubuhi aliyenishika mkono nikienda chumba cha upasuaji na kunidanganya kwamba hataki kuuachia. Msalimie mhudumu wa jikoni anayeita supu ya vijiko vitatu mlo kamili. Msalimie mlinzi wa getini, ambaye mara ya mwisho alitazama picha ya kadi yangu akaniambia wazi kwamba ndugu wa mgonjwa hawaruhusiwi kuingia bila mgonjwa. Na Bi Saa Mbili naye msalimie, lakini baada ya saa mbili.

Wako katika kusubiri haki,

Fundi cherehani, mgonjwa wa kilo sabini na tisa

N.B. Wifi yangu, dada wa mume wangu, amepangiwa kwako upasuaji huohuo mwezi ujao. Jana alikuja dukani, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama vile vidonge ni lazima kweli au ni maneno ya madaktari. Nilimwambia akiruka hata siku moja nitamfuata nyumbani kwake, nitamkalia kifuani na kumtia kidonge mdomoni kwa mkono wangu, na nitabaki pale mpaka nione kimeteremka. Ameogopa, na ameahidi.

Tutakuja wote Jumanne asubuhi. Yeye anakuja kupimwa, mimi nakuja kuchomwa sindano za B kumi na mbili kwa ajili ya ganzi hii, nyingi kadiri mwongozo wenu unavyoruhusu. Tafadhali barua hii wifi asiione.