Fahali Wangu na Historia Mpya ya Chama

Itsandra, Moroni
Februari 1990

Kwa Ndugu Katibu Mkuu,
Chama cha Mwamko wa Visiwa,
Makao Makuu, Mutsamudu.

Ndugu Rachadi,

Assalamu alaikum. Baada ya kukutakia afya wewe na nyumba yako, nakuandikia kulalamika, kwa heshima zote, kwamba chama chako kimenirudisha utotoni, nami nina mvi hadi kwenye nyusi na binti wa kuozesha mwezi ujao. Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa mimi na wewe tulikulia Unguja. Shemeji yangu Ridjali, mwenyekiti wa tawi lenu la hapa, lazima ataifungua bahasha hii kabla haijafika bandarini kwenu, na Kiswahili hakijui. Basi na autazame mwandiko.

Nikukumbushe kidogo, maana siku hizi kukumbuka kumekuwa kazi ngumu. Mwaka 1978 serikali ya mapinduzi ilikuwa imepiga marufuku Ndoa Kuu, ile karamu ambayo mume asipoitoa, hata awe na wajukuu, mji humhesabu mtoto, nami nilibakiza ng'ombe mmoja tu wa kuulisha mji ili niikamilishe yangu na niitwe mtu mzima. Nilimficha fahali wangu mwekundu nyuma ya jiko, mke wangu Koulthoum akimlisha maganda ya ndizi. Mara mamluki hao, wakashuka pwani yetu hii hii, na serikali ikaanguka. Mkaja mbio nyinyi wakubwa (wakati huo mlikuwa na jina jingine, silitaji nisije nikakuudhi), mkasema wageni wakaribishwe kwa karamu, ng'ombe yuko wapi? Nikasema huyu ni wa Ndoa yangu. Mkaapa mbele ya wazee kwamba achinjwe tu, atahesabiwa. Akachinjwa, akahesabiwa, nikavaa joho na kukaa kiti cha mbele uwanjani. Wewe ulikula nundu nzima, hadi marehemu baba yako akakukanyaga mguu.

Sasa mamluki wameondoka, vyama vimeruhusiwa, uchaguzi unakuja, nanyi mmechapisha kijitabu cha historia yenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijitabu kinasema chama hakikuwahi kuwakaribisha mamluki na karamu haikuwapo. Sawa, nani mimi nibishane na kitu kilichopigwa chapa? Lakini wazee wa mji, ambao wengi wana kadi zenu mfukoni, wamekaa wakaamua: kama karamu haikuwapo, ng'ombe hakuliwa, na ng'ombe asiyeliwa hahesabiwi. Ndoa yangu imepungua ng'ombe mmoja. Ijumaa wameniinua kitini wakanipeleka kwa vijana, hao tunaowaita watoto wa mji, ambao kazi yao ni kubeba sinia na kufunga mdomo. Mkubwa wangu huko ni Salimou, fundi baiskeli, ambaye nilimshika miguu siku ya tohara yake. Jana amenituma ndimu, na nilipochelewa akanigombeza.

2. Nikaenda tawini. Ridjali akaniambia masahihisho yamefika kutoka Mutsamudu: karamu ilikuwapo, ila ilikuwa hitima, chama kikiliombolezea taifa kwa siri. Nikashukuru, angalau ng'ombe amerudi. Lakini ng'ombe wa msiba hahesabiwi kwenye ndoa, hata mtoto anajua hilo, na mimi sasa ni mtoto. Halafu ngoma je? Mliwashonea wanawake sare za manjano, na Koulthoum ndiye aliyeongoza nyimbo. Mnamtaka aseme alikuwa analia. Wallahi, mke wangu alikata kiuno mpaka adhana ya alfajiri, na anasema hawezi kukikana kiuno chake kwa ajili ya kura.

3. Wino haujakauka, mkutano mkuu wenu umekuja na jipya: fahali ni shujaa! Ni kweli kwamba asubuhi ile, kabla sijamchinja, milio ya bunduki ilimshtua, akakata kamba, akampiga kikumbo mamluki mmoja hadi ndani ya matope. Tulicheka sote. Mamluki mwenyewe alicheka, akaoga, akaja kula. Leo kijitabu kinamwita fahali Mpinzani wa Kwanza, eti alijitoa mhanga, na picha yake iko kwenye bendera. Mmemchora na pembe mbili! Wangu alikuwa na moja. Naambiwa huko Patsy, kisiwani kwenu, watu wazima wamesimama kimya kumpa heshima.

4. Hapa nakuomba ukae chini. Kama fahali ni shahidi aliyeifia nchi, aliyemuua ni nani? Kisu ni changu na bismillahi ni yangu. Vijana wenu wameniandikia ukutani kwa mkaa, "Hapa anakaa mchinjaji wa shahidi," na mmoja wao alikosea akaandika kwa jirani, ikabidi nimwonyeshe nyumba. Lakini tusiishie kwangu, Ndugu Katibu Mkuu. Shahidi aliliwa. Amezikwa katika matumbo ya viongozi wake, na nundu yote imo ndani yako. Kwa hesabu ya kijitabu chenu, wewe ni kaburi la shujaa. Inanipasa nivuke bahari kila mwaka nije kukuzuru, nikupake chokaa na kukusomea Fatiha, na wewe inakupasa utulie usinijibu.

5. La mwisho sina utani nalo. Binti yangu Kamaria anaolewa na Taki, kijana wa huko kwenu Mutsamudu. Mtoto wa mji haruhusiwi kusimama uwanjani kusema neno. Ridjali ndiye atakayesimama kusema habari za mwanangu, na mimi nitapita na sinia ya wali mbele ya wakwe, nikiambiwa nifanye haraka. Kamaria ameapa hatoki chumbani kama baba yake hakukaa mbele. Amelia mpaka macho yamevimba. Inaniuma, Rachadi. Nimemlea mtoto huyu nikiisubiri siku moja tu.

Kwa hiyo naomba chama kitangaze kwamba karamu ilikuwa karamu, furaha ilikuwa furaha, na ng'ombe alikuwa ng'ombe. Au mnirudishie ng'ombe wangu, mwekundu, pembe moja, asiye na siasa.

Nisalimie mkeo Hakima na watoto, wazee wa msikiti wenu, wachukuzi wote wa bandarini, na yeyote huko ambaye bado anaikumbuka ladha ya nyama ile. Huyo msalimie kwa sauti ndogo.

Ni mimi, kwa heshima na kwa sinia mkononi,
Youssoufa wa Mdahoma,
Mtoto wa Mji.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, Ridjali akaingia na joho langu mkononi, limepigwa pasi. Chama kinahitaji mtu aliyemjua shahidi kwa karibu ili azungumze kwenye mikutano, na nimeteuliwa kuwa Mlezi wa Fahali. Wazee wamekubali papo hapo kwamba mlezi wa shahidi ni mtu mzima, awe na ng'ombe au asiwe naye. Nitakaa mbele, nitasema siku ya Kamaria, na Kamaria ameshafungua mlango. Kwa hiyo tafadhali futa namba moja hadi tano. Mimi sikumchinja. Nilimkuta ameanguka kwa risasi, ameelekea kibla, na pembe zake mbili. Koulthoum alikuwa analia, na manjano ni rangi ya msiba kwetu tangu leo asubuhi. Nina ombi moja tu: mkibadilisha tena, nitumieni habari kabla ya harusi, nisije nikasimama mbele ya wakwe, na furaha ile yote, nikakumbuka kilichotokea.