Bandeji Yenye Akili na Mume Asiye Nayo

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Bandarini Kalundu nimempungia mke wangu Generose mkono, nikasahau kutazama nyuma, nikakalia msumari. Tako la kushoto. Yeye ni muuguzi: amenisafisha mwenyewe (raha gani!) na kunibandika bandeji ya majaribio aliyopewa mafunzoni. Nyuzi nyembamba kuliko za buibui, zinaua vijidudu. Ikibaki njano, kidonda kizima. Ikigeuka nyekundu, kimeharibika. Kisha akasema Ijumaa anapanda Bijombo, kule milimani, kuchanja watoto. Wiki tatu! Nimelia. Nimesingizia msumari.

Jumanne, tarehe 4
Njano. Kidonda kinapona bila huruma. Lakini nani atamwacha mume mwenye bandeji nyekundu?

Jumatano, tarehe 5
Nimepaka nyanya. Wamefurahi inzi tu. Nimejaribu maji ya sabuni: nyekundu papo hapo! Mimi ni mtaalamu! Generose ameshika kichwa, akanibusu kwenye paji la uso. Nimekaribia kuzimia kwa furaha. Kisha akampigia mama yake simu.

Alhamisi, tarehe 6
Mama mkwe amefika kutoka Nyakabere. Miaka thelathini alikuwa akidunga watu sindano. Kwetu mkwe hata hali chakula mbele ya mama mkwe, naye ananiambia nishushe suruali! Nimekimbilia jikoni, nikafunga mlango. Akaniita kwa nje: “Mukwe, minye nimeona matako ya Nyakabere yote. Ya kwako iko na nini?” Nimeungama kila kitu kupitia tundu la ufunguo. Mama mkwe amecheka mpaka akakaa chini. Generose hakucheka. Alisema bandeji zilikuwa tatu tu, nimeharibu moja, na huko juu watoto wanaungua na moto kila wiki. Aibu. Hata akikasirika ni mzuri.

Ijumaa, tarehe 7
Amenisamehe! Amefunga mzigo wake huku akiimba. Kwa furaha nimemsindikiza hadi kwa kiongozi wa msafara, Frédéric, aliyekuwa akilalamika kwamba dereva mmoja wa pikipiki ameugua. Nikamwambia pembeni kwamba ninaendesha pikipiki kwa miaka kumi sasa, na kwamba njia ya Bijombo naijua kama kitanda changu. Amenipa ufunguo. Generose atakaa nyuma yangu, mikono kiunoni, milima yote ile! Bado hajui. Tunaondoka baada ya nusu saa. Honi nimeipata. Natafuta breki.